Dai la "Miaka Hamsini": Ukanda wa Maili Kumi katika Hotuba za Kisiasa Mombasa

Utangulizi

Makala hii inachunguza dai la kihistoria lililorudiwa mara nyingi katika majukwaa ya siasa mjini Mombasa, kwamba ukanda wa pwani wa maili kumi ulikodishiwa Kenya mwaka 1963 kwa miaka 50, na kwamba muda huo ulikwisha 2013. Dai hili lilivuma zaidi wakati wa kaulimbiu ya "Pwani si Kenya", ambapo vuguvugu la MRC lilipigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012. Kwa kuwa watu walitiwa mbaroni kwa ajili ya kaulimbiu hiyo, usahihi wa dai si jambo dogo.

Hati zinavyosema

Mwaka 1887 Sultani Barghash bin Said aliwapa Waingereza walioongozwa na William Mackinnon idhini ya kuusimamia ukanda huo kwa niaba yake kwa muda wa miaka 50. Kampuni yao ilishindwa kujiendesha. Mnamo Desemba 1895 usimamizi ulihamia kwa Serikali ya Uingereza kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Hamid bin Thuwaini. Mkataba huu ulitaja malipo ya kila mwaka, lakini haukuweka ukomo wa miaka. Mamlaka yalibaki kwa Sultani, na ndiyo sababu bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus.

Tarehe 8 Oktoba 1963, jijini London, ilikubaliwa kwamba Kenya itakapopata uhuru, mkataba wa 1895 utakoma na ukanda utakuwa sehemu ya Kenya. Hapakuwa na kodi wala muda wa kurejesha. Yamkini, basi, miaka 50 ya hati ya 1887 imehamishiwa mwaka 1963. Hata ingalihesabiwa ilivyoandikwa, ingalikwisha 1937.

Hata hivyo, wanasiasa wanaojibu kwamba Pwani haikuwahi kuwa na hadhi tofauti nao wamekosea. Tangu 1920 hadi 1963 sehemu kubwa ya Kenya iliitwa Koloni, ilhali ukanda huu uliitwa Himaya.

Suala la istilahi

Lugha nayo imechangia mkanganyiko huu. Neno "kodi" hubeba maana mbili: malipo ya raia kwa serikali na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Msikilizaji aliyepanga chumba Mji wa Kale, akiambiwa kwamba Sultani alilipwa kodi, hufikiria mpangaji ambaye muda wake utakwisha. Vilevile "nchi" huweza kumaanisha dola au ardhi. Kwa hiyo anayedai "nchi yetu" huenda anadai shamba lake, naye anayemsikia akadhani anataka kujitenga.

Athari ya kosa

Kosa hili linawadhuru wenye malalamiko kuliko wapinzani wao. Katika barua walizobadilishana Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte kabla ya mkataba wa 1963, Kenya iliahidi kulinda uhuru wa ibada, mahakama za kadhi na hati za umiliki wa ardhi ukandani. Mahakama za kadhi zimo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Ahadi ya hati iliwalinda waliokwisha kuzipata, ikawaacha nje waliolima mashamba hayo bila hati. Hapo ndipo penye hoja ya kweli ya maskwota wa Pwani, nayo hufunikwa kila mzungumzaji anapokimbilia miaka 50.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu hapa. Hati hizi ziliandikwa kwa lugha ya wanasheria wa Kiingereza, ilhali hoja juu yake huendeshwa kwa Kiswahili. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa tafsiri wazitafsiri kwa ukamilifu, wakitenganisha "mamlaka", "milki" na "usimamizi", ili msikilizaji aweze kumpima mzungumzaji kwa hati yenyewe.