Koo Lililoingia Wiki ya Tatu

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mandazi hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Koo linaniuma, hii ni wiki ya tatu. Mwili umechoka, homa hunijia jioni, na tezi za shingo zimevimba. Nilinunua amoksilini sokoni, nikameza vidonge vinne, nikapata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Jirani anasema kimio kimeshuka, kikatwe. Nifanyeje?

JIBU: Pole, mama. Mafua yana desturi yake: koo huwasha, pua hutiririka, viungo huuma, na aghalabu siku kumi hazipiti ila koo limekwisha kupoa, ijapokuwa kikohozi huweza kusalia nyuma, basi maradhi yaliyodumu wiki tatu, tena yenye homa, hayastahili kuitwa mafua.

Kwa kazi yako, dhana ya kwanza ni moshi. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 na ambayo leo ina zaidi ya 50,000, imebanana nyumba kwa nyumba, na katika baridi ya Juni na Julai, mlango umefungwa na mbabula, yaani jiko la makaa, inawaka ndani, moshi wa makaa na wa mafuta ya kukaangia hukwaruza koo mchana kutwa. Siku utakayoshinda Lilongwe, mbali na jiko, angalia kama koo linapata raha. Walakini moshi hauleti homa, wala hauvimbishi tezi.

Wako vijidudu waitwao streptokoki, ambao huvamia ghafla pasipo mafua, wakaacha tonsili nyekundu zenye madoa meupe. Hupendelea watoto wa miaka 5 hadi 15, kwa hiyo watazame wanao pia, kwani wasipotibiwa huweza baadaye kuharibika vali za moyo. Dawa ya vijidudu hawa ni penisilini, kwa sindano moja au kwa vidonge vya siku 10. Vidonge vinne si tiba, na anayeuza dozi kwa kuihesabu kama karanga anajua afanyalo.

Homa, uchovu na tezi vikikutana hivi, tabibu mwangalifu hukumbuka virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huchosha mwili kwa wiki nyingi, havisikii amoksilini, na mgonjwa akiimeza huweza kutoka vipele. Hukumbuka pia, nami nasema bila kukutuhumu, virusi vya UKIMWI, ambavyo wiki mbili hadi nne baada ya kuingia mwilini huweza kuleta homa, koo na tezi kama zako. Kipimo cha mapema huenda kisivione, hivyo hurudiwa, na matibabu yake Malawi hutolewa bure. Malaria nayo isisahauliwe kwa sababu tu koo linauma, maana tone la damu ya kidoleni hutoa jawabu kwa dakika chache. Na endapo una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, sauti imekwaruza, unatoka jasho usiku na nguo zinakupwaya, omba upimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu.

Ama kimio, mama, usikiguse. Hushuka na kuvimba kwa kuwa koo lina uvimbe, nacho si sababu ya maradhi. Wembe wa mkataji umeua watu kwa kuvuja damu na kwa pepopunda, na umeambukiza wengine virusi vile vile vya UKIMWI tunavyovihofia.

Nenda kituo cha afya cha kambini kesho asubuhi; ukishindwa kumeza mate, au kufumbua kinywa, au pumzi ikikoroma, usingoje kesho, kwani hayo huenda yakahitaji upelekwe hospitali ya Dowa au Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Hadi hapo sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, meza parasetamoli kwa homa, kaangia mandazi nje. Na ile pakiti ya amoksilini, kama ungali nayo, ichukue umwonyeshe tabibu, umwambie ulimeza vingapi na siku gani.