Kupasha Joto Chumba cha Uani: Njia Ipi Itafaa?

Mtu atokaye Nakuru mjini kwenda Molo hupanda zaidi ya mita 600. Kwa kawaida kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa nusu digrii na zaidi. Kwa hiyo usiku ulio wa baridi kidogo Nakuru huwa wa baridi kali Molo na Mau Summit, hasa kati ya Juni na Agosti.

Tuchukue mfano wa mtu wa Molo aliyemjengea mama yake mzee chumba kidogo uani, cha mbao na mabati. Chumba kimekwisha, lakini usiku mama anatetemeka. Je, kipashwe joto kwa njia gani bila kumaliza fedha za nyumba?

Jambo la kwanza ni kulizuia joto lisitoke. Hewa yenye joto hupanda juu, na bati ni jembamba, hulipoteza joto upesi. Basi yafaa kuweka dari ya mbao, kuziba nyufa za kuta, kutandika mkeka sakafuni na kutundika pazia zito dirishani. Gharama hizi hulipwa mara moja tu, nazo husaidia kila usiku bila kuni wala makaa.

Jambo la pili ni moto wenyewe, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango, kisha hulala. Wao hudhani kwamba makaa yakiisha kuwa mekundu, bila moshi, hayana madhara. Sivyo. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na mwili hukosa pumzi ya uhai. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha huzimia. Aliyekwisha kulala huenda asiamke tena.

Tena, kadiri nyufa zilivyozibwa vizuri, ndivyo jiko lizidivyo kuwa la hatari. Hata jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa tu, haliondoi sumu. Kwa hiyo jiko la makaa lisiwemo kabisa katika chumba cha kulala.

Je, njia gani zilizobaki? Ziko tatu.

Kwanza, jiko la chuma la kuni lenye bomba la moshi lipitalo juu ya paa. Fundi ahakikishe kwamba bomba halivuji wala halikaribii mbao, na mwenye nyumba alisafishe masizi mara kwa mara. Yafaa penye kuni nyingi.

Pili, hita ya umeme. Hesabu yake ni rahisi: hita ya wati 1,000 hutumia yuniti moja kila saa. Ikiwaka saa nne kila usiku, kwa siku 30 itatumia yuniti 120. Zidisha hesabu hiyo kwa bei ya yuniti moja, nawe utajua kama mfuko wako unaweza. Hita iwe mbali na blanketi na pazia.

Tatu, mfuko wa mpira wa kutilia maji ya moto. Kuchemsha lita mbili za maji kwa birika la umeme hakufikii robo ya yuniti. Maji yaachwe yapoe kidogo, mfuko ufungwe vema na kuviringishwa kitambaa ili usiunguze ngozi ya mzee, kisha uwekwe kitandani. Hii haipashi chumba kizima, bali humpasha alalaye, na hilo ndilo linalotakiwa.

Kwa mwenye fedha kidogo, shauri letu ni hili: anza na dari na nyufa, kisha ununue mfuko wa maji ya moto. Hita au jiko la bomba vitafuata uwezo ukipatikana.

Na ukimkuta mtu amezimia penye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali, hata akisema kwamba amepata nafuu.