SOMO: SIKU YA MAONYESHO YA VITU VYA KALE KIJIJINI



Vikundi kadhaa vimetuuliza kama ni lazima uwe na jumba kubwa la Nairobi ndipo uweze kuonyesha historia ya mahali penu. Hapana. Tazameni Kitale. Jumba lile lilianza mwaka 1926 kama mkusanyo wa mtu mmoja, mlowezi Mwingereza aitwaye Hugh Stoneham, aliyependa sana wadudu, ndege na vitabu. Alipokufa mwaka 1966 aliacha mali yake yote hiyo kwa wananchi wa Kenya, na mwaka 1974 jumba jipya likafunguliwa. Ukienda leo utakuta pia nyumba za kienyeji zimejengwa pale nje uwanjani.

Kapenguria nako, hapo karibu tu, walitumia walichokuwa nacho: jela. Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na Oneko walikamatwa Oktoba 1952, wakashtakiwa Kapenguria, na Aprili 1953 wakahukumiwa miaka saba kila mmoja. Mwaka 1993 jela hiyo ya zamani ikawa makumbusho. Mtoto wa shule akiingia ndani ya seli na kuona ilivyo finyu, hahitaji hotuba ndefu.

Basi, kikundi kikitaka kufanya siku ya maonyesho, kazi kubwa si kukusanya vitu. Vitu viko. Kazi ni maelezo. Mara nyingi tumeona meza imejaa, na kila kitu kina kikaratasi cha neno moja: "Kibuyu". Sasa hicho kinamfundisha nani? Kila mtu anaona ni kibuyu! Lakini muulizeni mama mwenyewe wa Kikalenjin. Atawaambia ni cha kugandishia mursik, kwamba kwanza husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na kwamba mkaa huo huyapa maziwa ladha na ile rangi ya kijivujivu. Atasema pia alikipata kwa nani. Hayo ndiyo ya kuandikwa, na mama mwenyewe akae karibu na meza aonyeshe kwa mikono. Watu husimama zaidi penye mikono inayofanya kazi kuliko penye karatasi.

Halafu kuna jambo la daftari, na hapa tunaomba msikilize vizuri.

Mzee akiwaazima kigoda chake, andikeni siku hiyo hiyo: ni kitu gani, ni cha nani, kina ufa au alama gani, kimeletwa lini, kitarudishwa lini. Mzee atie sahihi au kidole gumba, na mtu wa kikundi naye atie. Kama kuna mwenye kamera au simu, kipigwe picha. Wengine watasema, ati sisi ni jirani, kwa nini tuandikiane kama polisi? Ni kwa sababu wako wanunuzi wanaopita vijijini wakitafuta vitu hivi kwa bei ya kutupa, na kikishatoka, kukirudisha ni shida.

Mfano upo Pwani. Wagiriama huwachongea wanachama wa Gohu waliofariki nguzo za mbao ziitwazo vigango, na kigango kikishasimamishwa hakiguswi tena. Mwaka 1985 familia moja iliibiwa viwili. Vilikuja kupatikana Marekani, kila kimoja katika makumbusho yake! Kilichosaidia ni picha ambayo mtafiti alikuwa ameipiga kabla ya wizi. Bila hiyo, nani angethibitisha? Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka ishirini, hadi 2007, ndipo familia ikavipokea. Kwa upande wa serikali, iko Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, lakini sheria haiwezi kutafuta kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

Tukumbuke pia kwamba si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Kama wazee wanasema kitu fulani hakitolewi mbele ya watoto au wageni, kiache nyumbani, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote.

Kuhusu utunzaji, machache tu. Picha na nguo zisikae juani, zitapauka. Vitu vya mbao visiwekwe chini, mchwa hawalali. Na tafadhali msipake vanishi vitu vya kale ili ving'ae. Weusi ule wa moshi na mikono ni sehemu ya historia yake.

Mkikutana, jadilianeni: katika kijiji chetu ni mzee au mama yupi anayejua kazi ambayo hakuna kijana anayeijua? Nani atashika daftari? Na vitu vitalala kwa nani usiku wa kuamkia maonyesho?