Unahama hostingi? Omba kwanza faili la zoni

Somo la leo ni la kiufundi kidogo ila usilipite, maana mimi kutolijua kulinikosesha oda ya sweta 120 mwezi wa kwanza, msimu wenyewe wa shule.

Ilikuwa hivi. Tovuti yangu ilikuwa inafunguka kwa kusuasua, nikaamua kuhamia kampuni nyingine ya hostingi. Fundi akahamisha, akanitumia linki, nikafungua: duka lipo, picha zote zipo. Nikamlipa, na siku hiyo hiyo nikafunga akaunti ya zamani. Baada ya siku sita mhasibu wa shule moja akanipigia. "Dada, mbona barua pepe tunazokutumia zinarudi? Sisi tumeshanunua kwingine."

Barua pepe ya duka nilikuwa nailipia kampuni tofauti kabisa, na huko hakuna kilichoguswa. Sasa kosa lilikuwa wapi?

Tuseme jina la duka lako ni jinalako.co.tz. Mteja analijua jina, lakini kompyuta zinatafutana kwa namba. Kwa hiyo kuna seva za majina, yaani DNS, ambazo kazi yake ni kujibu: jina hili, tovuti yake iko namba hii, barua pepe zake zipelekwe kule. Mfumo huu ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Majibu yote kuhusu jina lako yanaweza kuandikwa kwenye faili moja dogo la maandishi, linaitwa faili la zoni. Mistari yake iko hivi:

jinalako.co.tz. 86400 IN A 192.0.2.10
jinalako.co.tz. 86400 IN MX 10 barua.example.net.

Mstari wa A unaonyesha tovuti ilipo. Wa MX unaonyesha barua pepe zinapopokelewa. Kuna na wa TXT, ambao pamoja na mengine unataja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Ukikosekana huo, invoisi zako zinaweza kuishia kwenye spamu za wateja. Fundi wangu kwenye seva mpya aliandika A tu. MX haikuwepo, na rekodi za zamani zilikuwa zimefutika pamoja na akaunti niliyoifunga kwa haraka zangu. Tukabaki kuulizana.

(Umeiona ile nukta mwishoni mwa kila jina? Siyo kosa la uchapaji. Ukiisahau pale kwenye MX, seva inabandika jina lako nyuma yake na barua zinatafutwa barua.example.net.jinalako.co.tz, mahali ambapo hapapo. Mafundi wazoefu nao huwa inawaponyoka.)

Sasa sikia sehemu ambayo wengi hatuambiwi. Seva nyingi za majina zinaendeshwa na programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia na kuzikagua bila kulipia leseni. Kongwe ni BIND, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980, na leo inatunzwa na shirika la ISC. Ipo NSD ya NLnet Labs ya Uholanzi. Ipo Knot DNS ya CZ.NIC, wale wanaosimamia majina ya .cz huko Czech. PowerDNS yenyewe hupendwa na wenye majina mengi kwa sababu inaweza kuweka rekodi kwenye kanzidata. Zote hizo zinaweza kusoma faili la zoni la mpangilio ule ule, uliochapishwa wazi kwenye kanuni za intaneti za mwaka 1987.

Kwa hiyo rekodi zako siyo siri ya kampuni inayokuhudumia. Ukiwa na faili lako, fundi yeyote analisoma. Leo hii watumie ujumbe huu: "Habari, naomba nakala kamili ya faili la zoni la domeini yangu, rekodi zote pamoja na MX na TXT." Baadhi ya paneli zina kitufe cha kulipakua mwenyewe, angalia sehemu ya DNS. Wakisema haiwezekani, fungua paneli unakili mstari mmoja mmoja. Usitegemee picha ya skrini peke yake, TXT huwa ndefu na inakatwa.

Ile 86400 ni sekunde, sawa na siku nzima. Ni muda ambao seva nyingine zinaruhusiwa kukumbuka jibu la zamani kabla ya kuuliza upya. Siku mbili kabla ya kuhama, mwambie fundi aishushe hadi 300, yaani dakika tano. Na mkibadilisha seva za majina zenyewe, rekodi zote ziwe zimeshaandikwa kwenye seva mpya kwanza, halafu ya zamani iachwe hewani angalau siku tatu, maana kuna wateja ambao bado watapelekwa huko. Hizo siku tatu ndizo nilizozibania mimi.

Je, uweke BIND yako mwenyewe? Kwa duka moja, hapana. Utahitaji seva mbili zisizozimika, sehemu tofauti, na mtu wa kuziba mianya ya usalama kila inapotangazwa. Ila kijana wako akipenda mambo haya, mwache aisakinishe kwenye laptopu ajifunzie, ni bure. Kesho atakuwa fundi wa wenzako.

Kingine: akaunti uliyosajilia jina iwe ya kwako, siyo ya fundi, na barua pepe yake isiwe ya domeini hiyo hiyo. Jina likizimika, na ile meseji ya kubadilisha nenosiri haitakufikia.

Faili langu mimi lina mistari 14 tu. Nakala moja iko kwenye simu yangu, nyingine kwa mdogo wangu, na ya tatu nimeichapa, iko kwenye droo na leseni ya biashara.