Haki ya Paka Mzee Siku ya Kufa Kwake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Sifa njema zote ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Somo hili ni katika jambo ambalo watu wengi hulihisabu dogo, nalo ni haki ya mnyama wa nyumbani pindi azeekapo akafikwa na maradhi ya ghafla, na adabu ya bwana wake katika kuagana naye. Wako wasemao yakuwa jambo hili halina hukumu, kwani paka haliwi, wala hapandwi, wala hachukui mzigo. Kauli hiyo si sawa. Sheria imemtaja paka katika mlango wa twahara, na haki ya mnyama imewekwa katika mlango wa nafaqa. Na aliyewekewa haki hadhulumiwi illa dhalimu ataulizwa.

MFANO WA JAMBO LENYEWE

Na achukuliwe mtu mmoja wa mji wa pwani, mwenye duka la mchele, na nyumba yake i nyuma ya duka. Katika masika ya mwaka mmoja aliingia kwake paka mdogo, akakaa miaka 14. Akailinda ghala na panya. Kila alfajiri humsindikiza bwana wake mpaka kizingitini anapokwenda msikitini, kisha humngoja juu ya baraza mpaka arudi. Watoto wa nyumba ile wote wamezaliwa wakamkuta.

Asubuhi moja hakuonekana barazani. Akapatikana chini ya kitanda, hali wala hainuki, na mdomo wake wanuka. Jirani akaja akatazama, akasema: "Bwana, huyo amekwisha. Mtie guniani, mtu akamtupe mbali. Paka wapo tele sokoni, chukua mwengine." Mtoto mdogo wa nyumba akaangua kilio, na baba mwenyewe machozi yakamlenga, akaona haya mbele ya jirani yake.

Basi mtu huyu, na kila aliye mfano wake, ana mambo matano ya kujua.

FASILI YA KWANZA: KUMLISHA NA KUMWUGUZA

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj, mwisho wa mlango wa nafaqa, yakuwa ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Wajibu huu haukufungwa na faida. Hakusema alishwe maadamu akamata panya. Basi aliyeila kazi ya mnyama miaka 14 hawezi kuikimbia posho yake katika siku ya mwisho.

Na khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka imo katika Bukhari na Muslim: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Na azingatie msomaji. Kumwachia paka huwa ni kumpa nafasi pale anapoweza kuwinda. Ama paka mzee asiye na meno, asiyeweza kusimama, kumtupa mahali asipopajua si kumwachia. Ni kumfungia katika njaa, ingawa hapana kamba wala mlango. Lile gunia la jirani, basi, si jambo jepesi.

Na waganga wa wanyama wamejua yakuwa paka wazee wengi hufa kwa maradhi ya mafigo. Dalili zake hutangulia wiki nyingi, nazo ni kunywa maji kuliko ada, kukojoa sana, kukonda, manyoya kuchakaa na mdomo kunuka. Lakini paka ni mnyama mwenye kuficha maumivu yake, na watu humwona akinywa katika ndoo wakafurahi yakuwa ana afya. Kwa hivyo maradhi yaitwayo ya ghafla, aghlabu hayakuwa ya ghafla illa kwa mwenye nyumba asiyetazama. Yako pia ya ghafla kweli, kama donge la damu kuziba mshipa wa miguu ya nyuma: miguu hupooza ikawa baridi, na mnyama hulia kwa uchungu. Haya yote yataka apelekwe upesi kwa daktari wa wanyama, kwa mwenye kumpata.

Na ajihadhari mtu asimpe paka dawa za binadamu kwa huruma isiyo na ilimu. Paracetamol, ambayo watu humeza kwa kuumwa na kichwa, kidonge kimoja chaweza kumwua paka, kwani ini lake haliwezi kuivunja sumu yake. Wala asimiminiwe maji kooni kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Apewe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, kwa kadiri anavyomeza mwenyewe; alazwe juu ya nguo laini, mahali pa kivuli pasipo makelele, na chombo cha mchanga kiwe karibu naye. Na katika Bukhari na Muslim imo khabari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa, na Mtume (S.A.W.) akaeleza yakuwa katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira. Basi matone yale ya maji hayapotei.

FASILI YA PILI: TWAHARA YA MWENYE KUUGUZA

Kabsha, binti wa Kaab bin Malik, alimmiminia maji ya udhu mkwewe Abu Qatada. Paka akaja, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka akanywa. Kabsha akastaajabu, naye akamwambia yakuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wale wenye kuwazungukia watu majumbani mwao. Khabari hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi na wengineo.

Kwa hivyo kumbeba paka mgonjwa hakumharibii mtu swala yake. Ama mkojo wake, na matapishi yake, na damu yake, hivyo ni najisi, na nguo ioshwe mpaka dalili iondoke. Wala hapana haja ya kuosha mara saba kwa udongo, kwani hukumu hiyo ni ya mbwa na nguruwe. Akifa, mzoga wake ni najisi katika madhehebu ya Shafi. Mkono mkavu ukigusa mkavu hapana neno. Ukiwapo umajimaji, uoshwe. Wala udhu haukuvunjika kwa kumgusa.

FASILI YA TATU: KUMWUA ILI APUMZIKE

Hapa ndipo penye uzito, na watu hupapita mbio. Katika vitabu vya Kishafi imetajwa yakuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, ijapokuwa ni kwa kumpumzisha na maumivu yake. Wanavyuoni wa Kimaliki wameruhusu achinjwe yule aliyekatwa tamaa ya kupona. Na masheikh wa zama hizi walioulizwa juu ya sindano ya daktari wa wanyama, wako waliokataa na wako walioruhusu, pale maumivu yanapokuwa makali na daktari akashuhudia yakuwa hapana matumaini. Basi mwenye kufikwa amwulize mwanachuoni wa mji wake, amweleze hali ilivyo bila ya kupunguza wala kuzidisha, wala asijifutie mwenyewe kwa sababu amechoka kukesha.

Ama lile ambalo halina ikhtilafu ni hili: kumzamisha baharini, kumpiga kwa rungu, kumtia sumu ya panya, au kumwacha juani afe kwa kiu, yote hayo ni mateso. Muslim amepokea kwa Shaddad bin Aws yakuwa wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja. Ikiwa wema wamfuata mnyama mpaka chini ya kisu, basi mgonjwa wa nyumbani austahiki zaidi.

FASILI YA NNE: MACHOZI YA MWANAMUME

Yule baba aliona haya kwa machozi yake, na haya hiyo haikuwa na msingi. Mtume (S.A.W.) alilia alipofariki mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 wa Hijra, akaeleza yakuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala halisemwi illa lenye kumridhisha Mola. Na mwenye kusema, "Yule alikuwa mwana wa Adamu, na huyu ni paka," na akumbuke khabari ya Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik. Mtoto huyu alikuwa na kidege cha kuchezea, kikafa. Mtume (S.A.W.) alipoingia nyumbani kwao akamwona ana huzuni, hakusema ni kidege tu. Alimwita kwa jina lake la heshima, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza khabari za kidege chake. Aliyekuwa na mambo ya umma mzima juu ya mabega yake alipata wakati wa huzuni ya mtoto kwa ndege mdogo.

Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kupasua nguo, na kumlaumu Mwenyezi Mungu. Na miongoni mwa yanayomla mtu baada ya msiba ni neno "lau": lau ningeliona mapema, lau ningelimpeleka jana. Mtume (S.A.W.) ameonya yakuwa neno hilo hufungua kazi ya Shetani. Aliyekosa kutazama na atubu, na ajifunze kutazama. Kisha aseme ni kadari ya Mwenyezi Mungu, anyamaze.

FASILI YA TANO: KUMZIKA, NA JAWABU YA MTOTO

Paka hakoshwi, wala hakafiniwi, wala haswaliwi, wala hazikwi katika makaburi ya Waislamu. Lakini kumfukia ni jambo jema, kwani kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Shimo liwe refu mbwa wasije wakafukua, tena liwe mbali na kisima. Kumtupa jaani au ufukoni ni kuwaudhi majirani na kumvunjia heshima aliyehudumu.

Na mtoto akiuliza, "Baba, nitamwona tena?" asidanganywe wala asivunjwe moyo. Qurani imeeleza katika Suratul-Anaam yakuwa wanyama ni umma mfano wa wanadamu, kisha watakusanywa kwa Mola wao. Na Abu Huraira, ambaye jina lake lenyewe amelipata kwa paka mdogo aliyekuwa akicheza naye alipokuwa akichunga mbuzi na kondoo wa jamaa zake, amepokewa akisema yakuwa siku hiyo wanyama watalipana haki zao, kisha wataambiwa wawe udongo. Basi aambiwe mtoto yakuwa paka wake yu katika milki ya Mwenye kurehemu, asiyedhulumu hata kiumbe kisichosema, na yakuwa Peponi hakuna huzuni.

TANBIHI

Watu hutaja kama hadithi yakuwa kumpenda paka ni sehemu ya imani. Wanavyuoni wa hadithi wamesema hiyo si hadithi. Na kisa cha kukata mkono wa kanzu ili paka asiamshwe, ambacho wengi humnasibishia Mtume (S.A.W.), hakimo katika vitabu vya hadithi, kimepokewa juu ya Sheikh Ahmad Rifai, aliyefariki mwaka 578 wa Hijra (1182). Khabari zilizo sahihi zatosha.

KHATIMA

Yule mtu wa mfano hakumtia paka wake guniani. Alimlaza juu ya shuka kuukuu, akakaa naye baada ya Magharibi, akimtia maji kwa kidole. Paka akafa kabla ya adhana ya Isha. Akamfukia nyuma ya ua pamoja na mtoto wake, akaosha mikono, akaenda kuswali. Alfajiri alipotoka, kizingitini hapakuwa na wa kumsindikiza.

Akakumbuka zile wiki alizomwona akinywa maji mengi asitambue. Alipotoka msikitini hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa mama yake mzee, ambaye siku nyingi alikuwa akisema hajambo, akakaa akamtazama vizuri, akamwuliza chakula chake na usingizi wake. Na hii ndiyo faida ya somo: mwenye kujua haki ya paka, haki za walio juu ya paka zimemlazimu zaidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe Vyake, naye ndiye ajuaye zaidi.