Ubao wa Nafasi

Wanafunzi wengi wakitazama ratiba huuliza swali moja tu: "Sasa tuna somo gani?" Swali hilo ratiba ya ukutani hulijibu vizuri. Lakini mwalimu anayetaka maabara siku ya Alhamisi saa nne ana swali jingine. Yeye ataka kujua kama maabara ni wazi saa hiyo, na kwa kulijua hilo itambidi apekue ratiba za vidato vyote vinne, mkondo kwa mkondo. Katika shule moja niliyofundisha zamani, vidato viwili vilikutana mlangoni pa maabara, na Kidato cha Nne walikuwa wamebakiza wiki tatu tu kabla ya mtihani wa vitendo. Kipindi kizima kikaisha kwa kubishana. Ndipo tulipochora ubao wa pili.

Ubao huo ni ratiba iliyogeuzwa. Upande wa kushoto hatuandiki vidato, twaandika vitu tunavyoshirikiana: maabara, darubini, kompyuta, projekta. Juu twaandika saa. Kila kitu kina mstari wake, na jicho likiufuata mstari mmoja huona mara moja palipojaa na palipo wazi. Michoro ya namna hii si mipya. Karol Adamiecki, mhandisi wa Poland, alibuni mmoja mwaka 1896, na Henry Gantt wa Marekani aliieneza viwandani katika miaka ya 1910.

Sasa tazama mraba mtupu katika ubao huo. Wasema nini? Huenda kitu ni wazi. Huenda mwenye zamu hajaandika. Huenda bomba la maabara limekauka, jambo ambalo sisi wa pande za Masasi na Newala hatuhitaji kuelezwa. Mambo matatu yaonekana sawasawa, kwa hiyo mraba usiachwe mtupu. Andika W kwa kilicho wazi, S kwa kilichoshikwa, O kwa kilichoombwa na bado hakijathibitishwa, na X kwa kisichopatikana kabisa. Tumia herufi hata ukiwa na chaki za rangi, maana wako watu, hasa wanaume, wasioweza kupambanua nyekundu na kijani.

Kalenda za kompyuta nazo zina hali hizo hizo nne. Zimo katika kanuni iitwayo iCalendar, iliyotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Toleo hilo la pili laagiza kwamba programu ikikuta alama ya hali isiyoifahamu, iihesabu kuwa kitu kimeshikwa. Mimi naiona ni busara. Ukidhani kimeshikwa kumbe ni wazi, umepoteza nafasi moja. Ukidhani ni wazi kumbe kimeshikwa, umewasimamisha watoto arobaini nje.

Kwa vitu vilivyo vingi, herufi haitoshi. Kama shule ina darubini 10 na Kidato cha Tatu wamechukua 6, usiandike S. Andika 4, yaani zilizobaki. Mwalimu mwenye kundi dogo atazitumia hizo nne, na asingezijua kama angeona S.

Neno moja juu ya saa: kompyuta huandika 08:00 pale tunaposema saa mbili asubuhi. Anayenakili kutoka kwenye simu aongoze kwa kutoa sita, ama sivyo atafika maabara wengine wanakula chakula cha mchana.

Zoezi. Wazee nyumbani waweza kulifanya pia. Majirani watatu wana mashine moja ya kupulizia salfa katika mikorosho. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali majanini na upepo umetulia. Jirani wa kwanza ameichukua kwa alfajiri za Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi yote itakuwa kwa fundi. Jirani wa pili ameiomba Ijumaa, lakini hajathibitisha. Chora ubao wa siku sita, kila siku uigawe alfajiri na mchana. Je, jirani wa tatu aweza kuitumaini siku gani, na ni siku gani yampasa kwenda kuuliza kwanza? Tena, Jumatatu saa sita mchana mashine imelala ghalani na hakuna aliyeiomba: utaandika W au X, na kwa sababu gani?