Mwachie Mungu, lakini usimwachie shemeji kibanja

Wadogo zangu wa Kihanga hapa Karagwe, na ninyi wa Kyerwa ambao hadi 2012 tulikuwa wilaya moja, leo nina jambo moja na nitalisema bila kuzunguka. Mwanamke anafiwa na mumewe. Matanga hayajavunjwa vizuri, shemeji ameshaanza kukipima kibanja kwa macho. Mjane akilia, anaambiwa mwachie Mungu. Akiuliza habari za mirathi, mwachie Mungu. Akinyamaza ndipo wanamsifu kwamba ana imani kubwa. Mimi dada yenu ni Mkristo, sina mahali pengine pa kushika maisha yakinielemea, na nawaambia kwamba ukimya huo si imani. Ni woga tuliouvika nguo ya kanisani.

Chukueni kitabu cha Ruthu. Ni sura nne tu, unazimaliza kabla maharage hayajaiva. Naomi anaondoka Bethlehemu na mumewe kwa sababu ya njaa, wanakwenda Moabu, na huko anamzika Elimeleki, kisha anazika watoto wake wote wawili. Anaporudi kwao wanawake wa mji wanamlaki kwa jina lake, naye analikataa. Anataka aitwe Mara, kwa uchungu aliojaa nao, na anasema wazi kwamba Mungu ndiye aliyemtendea hivyo. Hakuna anayemkemea. Hakuna mzee anayemwambia atubu. Maneno yake yameachwa pale pale, tunayasoma mpaka leo. Na Hana wa kitabu cha Samweli, yule aliyesali pale Shilo midomo ikitikisika bila sauti, kuhani Eli alimdhania mlevi. Kuhani alikosea, akaambiwa, akageuza maneno yake kuwa baraka. Zaburi nyingi zinaanza na malalamiko tangu mstari wa kwanza. Bwana Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburi la Lazaro, hali akijua anachokwenda kufanya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, lia. Mwambie Mungu kila kitu, hata yale unayoona aibu kuyasema mbele ya mama mkwe. Atakayekuambia kwamba machozi yako yanaonyesha umepungukiwa imani, mpelekee hicho kitabu cha Ruthu.

Ila kitabu cha Ruthu hakiishii kwenye machozi, na hapa ndipo mahubiri mengi ya misibani yanaponikera. Sura ya nne ni kesi ya ardhi! Boazi, mtu wa ukoo wa Elimeleki, anakwenda kukaa langoni pa mji, anamwita ndugu wa karibu zaidi aliyekuwa na haki ya kulikomboa shamba la Elimeleki, anawaketisha wazee kumi, na anamuuliza yule ndugu mbele ya mashahidi kama atalikomboa. Yule ndugu anajitoa, anavua kiatu chake kama ushahidi, jambo linakwisha. Maombi yamo ndani ya kitabu hicho, na baraka zimo. Lakini shamba lilirudi kwa sababu kulikuwa na kikao, mashahidi na mtu aliyekubali kuamka asubuhi kwenda langoni kwa ajili ya wajane wawili, Naomi na mkwewe Ruthu.

Sisi wa Kagera tuna habari yetu pia, na inanishangaza kwamba wanasheria wa nchi za mbali wanaijua kuliko binti zetu. Holaria Pastory, mwanamke wa upande wa Muleba, alirithishwa ardhi na baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kuona hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakama ya mwanzo kudai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa haki huyo kijana. Mahakama ya wilaya ikapindua hukumu. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi sawa na mwanamume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Fikirieni mama mzee, anasimama mahakama baada ya mahakama akishitakiwa na damu yake mwenyewe. Baadaye, 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ziliandika haki hiyo ya mwanamke waziwazi.

Sitawadanganya kwamba njia ni nyeupe. Kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zinambana sana mjane kwenye urithi, na kwa miaka mingi mahakama ya mwanzo ndiyo imekuwa ikishughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Ndiyo maana kabla hujafungua shauri lolote, muulize kwanza msaidizi wa kisheria ni mahakama ipi na sheria ipi inakufaa wewe uliyefunga ndoa ya kanisani. Cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto: hivyo ndivyo vitakavyosema wewe ukiwa umechoka kusema. Kikao cha ukoo kikiitwa, kaa ndani, usiende jikoni kupika. Sikiliza jina gani linapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na ujue kwamba hata wewe mjane unaweza kuwa msimamizi. Na msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Wako mashemeji wengi wanaofikiri kwamba wakishapewa barua ya mahakama basi wamepewa na kibanja, nanyi mnanyamaza.

Sasa turudi kanisani, maana huko ndiko nguvu iliko, na siyo kwenye mimbari tu. Wapo wa KKKT Dayosisi ya Karagwe, wapo wa Jimbo Katoliki la Kayanga, wapo wengine. Kila mmoja ana jumuiya ya nyumba kwa nyumba. Tukikutana Jumatano tunasoma neno, tunaimba, tunaombea wagonjwa, tunatoa sadaka, tunatawanyika. Halafu wiki hiyo hiyo mwenzetu wa jumuiya anauza kahawa kwa butura. Mnaijua hali ilivyo. Kahawa ingali maua, nyeupe, inanukia kibanja kizima, na mnunuzi amesimama chini ya mti na daftari lake. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, au mtu amelazwa hospitali ya Nyakahanga. Mama anapokea alichopewa, anatia dole gumba, na msimu ukifika anachuma kahawa ambayo si yake tena. Tuliomba naye Jumatano. Hakutuambia, nasi hatukumuuliza.

Hapo ndipo imani yetu inapopimwa, kwa maoni yangu, kuliko mahali pengine popote. Zipo jumuiya zilizoanzisha kikundi cha kuweka na kukopeshana, zina lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Likifunguliwa mbele ya wote, fedha zikahesabiwa kwa sauti, mjane akakopeshwa ada ya mtoto na kahawa yake ikabaki mtini mpaka iive apeleke chama cha msingi, nami nitaiita hiyo ibada. Kama jumuiya yenu haina, anzisheni. Kama ipo na wewe unajificha kwa sababu ya aibu, tafadhali, jitokeze. Mtu hawezi kukubebea mzigo ulioufunika kwa kanga.

Neno moja kuhusu dawa. Mkoani kwetu ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, 1983, na hakuna ukoo hapa usiojua maana yake. Tuliolelewa na bibi zetu tunajua walivyosali, na jinsi walivyosafisha vidonda huku wakisali. Wakati huo dawa haikuwepo. Kuanzia 2004 dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure, na mimi nazihesabu kuwa jibu la yale maombi ya bibi zetu. Kwa hiyo mtumishi yeyote atakayekuambia kwamba ukiwa na imani ya kweli utaacha vidonge, ondoka hapo haraka. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa wakiamini wamepona. Mungu hajatuomba tumthibitishie imani kwa kuacha kliniki. Nenda tarehe yako, meza dawa, na usali.

Najua wapo wanaosoma haya wakiwa wamechoka hata kusali. Usijilazimishe kutunga maneno mazuri. Keti tu na wenzako, waache wao wasali, wewe uwe pale. Siku nyingine utawasalia wewe.

Kwenu wenyeviti wa jumuiya, wazee wa kanisa na kina mama Wakatoliki wa WAWATA: mjane wa kwenu akiitwa mahakamani, nendeni naye. Msimtumie salamu. Kaeni kwenye lile benchi mpaka jina lake lisomwe, kama wale wazee kumi walivyokaa langoni. Na wewe uliyefiwa mwaka huu, usingoje arobaini ipite. Kitafute cheti chako cha ndoa leo, kiweke mahali unapopajua wewe na mtu mmoja unayemwamini, na Jumatano uwaambie jumuiya ukweli wote.